Ngozi ya Stenlesi

Wiki ya saba tangu amzike mkewe, Fundi Kioo alikuwa bado hajajua kukaa. Akikaa, anasimama. Akisimama, anaenda mlangoni. Akifika mlangoni anasahau alichofuata, anarudi, anachukua kijiko mezani, anakisugua kwa pindo la shati mpaka kinamwonyesha pua yake. Vijiko vyote vya nyumba ile vilikwisha kung'arishwa mara tatu. Birika, mara tano.

"Shemeji," alisema mdogo wa kike wa mkewe, aliyekuja kwa msiba akabaki kumtazama, "hilo birika ukilisugua tena litatoboka, chai tutainywa sakafuni."

Hakuwa mtu wa maneno tangu ujana. Maneno alikuwa nayo mkewe. Yeye alikuwa na moto.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea stenlesi, chuma kile cheupe kisichoshika kutu: masinki ya mahoteli, meza za hospitali, matangi. Shule hakuijua. Vipimo alivishika kwa shubiri na kwa kamba yenye mafundo, na hakuna aliyewahi kumrudishia kitu kwamba kimepinda. Jina la Kioo alipewa kwa sababu kitu kikitoka kwenye karakana yake ulijiona ndani yake mpaka kope. Wenyewe wawili walijua kioo kilikuwa cha nani. Yeye aliunganisha. Aliyesugua ni mkewe.

Jumatatu asubuhi, meneja wa kiwanda cha maziwa alisimama mlangoni. Mwanamke kijana, wa kuweza kuwa binti yake, viatu vya mpira bado miguuni.

"Shikamoo, mzee. Pole bado."

"Marahaba. Nishapoa. Sema."

"Lile tangi letu kubwa limeota kutu ndani."

"Stenlesi yangu haioti kutu."

"Basi njoo likwambie lenyewe, maana mimi limeshaniambia." Akavuta pumzi. "Mzee, Ijumaa anakuja mkaguzi. Akilikuta vile, analifunga. Na wenye kiwanda wameshasema, likifungwa halitengenezwi tena. Linakatwa vipande, linauzwa chuma chakavu. Wafugaji watajua wenyewe pa kupeleka maziwa."

Alipomaliza kusema, mzee alikuwa ameshashika mkoba wa vifaa.

Tangi lile la lita elfu tano walilitengeneza miaka kumi na minne nyuma, wao wawili tu. Yeye alichomelea kwa nje. Mkewe, aliyekuwa mwembamba kama ufito, aliingia kwa tundu la juu, akasugua ndani siku kumi na tisa. Jioni alitoka uso wote wa kijivu, meno tu meupe, akicheka. Sasa nguo zake zilikuwa zimegawiwa. Viatu vilichukuliwa na mpwa wake. Masinki waliyouza yalikuwa yametawanyika, huwezi kujua lipi liko wapi. Tangi peke yake ndilo alilojua lilipo. Likikatwa, mikono ya mkewe haitakuwa imebaki popote.

Hilo hakumwambia mtu. Alitembea mbele, meneja akimkimbilia nyuma, shemeji nyuma ya meneja na ndoo mbili.

Kiwandani walimkuta fundi mitambo ameshaandaa grainda, mashine ya diski ya kusagia chuma, waya umechomekwa, miwani kichwani.

"Mzee, nipe saa mbili na hii," alisema. "Litang'aa kama meno ya mtoto."

"Ukilipitishia hiyo utalichubua."

"Si ndiyo tunataka, litoke hilo gamba?"

"Gamba ni hilo jekundu. Chini yake kuna ngozi. Huioni, nyembamba kuliko ya kitunguu. Hiyo ngozi ndiyo inayozuia kutu, si chuma. Hilo diski lako litaichana na kuichoma, litaacha michirizi, maziwa yatalala humo na kuchacha. Kesho kutu inarudi na ndugu zake."

Kwa Fundi Kioo hiyo ilikuwa hotuba. Shemeji alimtazama kama aliyesikia bubu akiadhini.

"Kwa hiyo utafanyaje? Utaliimbia?" fundi mitambo akauliza, na wapakiaji waliokuwa karibu wakacheka.

Mzee alivua viatu, akapanda ngazi, akaomba feni iwekwe kwenye tundu isukume hewa. Akajipenyeza. Mabega yalikwama. Fundi mitambo alimshika mkono mmoja, akamshusha taratibu, na hapo hakucheka.

Miaka yote ile hakuwahi kuingia. Aliwasha tochi. Ndani kulikuwa na utando wa rangi ya tofali kila mahali, kama vumbi lililoganda. Lakini chini ya utando aliona mistari ya msasa, midogo, imelala yote upande mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, urefu wa mkono wa mwanamke mfupi. Kila mkono ulipoishia, mwingine ulianza, bila pengo. Hata chini ya ukingo wa tundu, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, alisugua vilevile.

"Shemeji! Uko hai humo?"

"Lete maji."

Alitoa brashi ya waya mkobani akaanza. Alisugua akifuata ile mistari, kushoto kwenda kulia, asiikate. Hakupumzika. Meneja alileta chai ikapoa. Alasiri utando ulikuwa umeondoka wote, na alipomulika mara ya mwisho, kuta zilimpiga machoni kwa weupe. Meneja alipiga makofi. Fundi mitambo alichomoa waya wa grainda akauzungusha mkononi. Siku ile Fundi Kioo alimaliza sahani yake, na shemeji akajifanya hajaona.

Jumanne, kabla hajavaa viatu, simu ya shemeji ililia. Njooni.

Tangi lilikuwa limeota surua. Vidoa vidogo vya kahawia, mamia kwa mamia, kuta zote. Na si ovyo: vilifuata njia ya brashi, kushoto kwenda kulia, kama mtu aliyepanda mtama kwa mstari.

"Mzee," alisema fundi mitambo kwa upole uliouma kuliko kejeli, "jana ilikuwa utando. Leo umeliotesha."

Meneja alitazama saa, kisha kalenda ya ukutani, kisha viatu vyake vya mpira.

Mzee aliichukua brashi, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Akaondoka bila kuaga. Shemeji alimkuta karakanani amesimama mbele ya ndoo moja ya plastiki. Ndani yake brashi zote za nyumba ile zilikuwa zimesimama, kumi na kitu, zimeoshwa, zimepangwa kama maua.

"Nani kazipanga?"

Shemeji alishika fremu ya mlango. "Mimi. Siku ya tatu ya msiba. Nilikuta nyingine chini ya meza zimechakaa, nyingine zimening'inizwa msumarini na vitambaa. Nikasema nimsafishie shemeji, asije akarudi kazini akakuta kumetapakaa. Kuna ubaya?"

Katika kazi ile kuna sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa siku mbili anaijua. Brashi iliyogusa chuma cheusi, kile cha kawaida kinachoshika kutu, haigusi stenlesi. Inabeba unga wa chuma usioonekana, inaukandamiza ndani ya ile ngozi, na unga huo ukipata maji unaota kutu usiku huohuo. Mkewe alizitenga: za chuma cheusi chini ya meza, za stenlesi msumarini, kila moja na kitambaa chake. Brashi zilifanana kama mapacha. Yeye hakuwahi kujisumbua kuzijua. Miaka thelathini na tisa alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na brashi iliyo sawa ikawekwa kiganjani.

Alimweleza shemeji kwa maneno machache kuliko haya. Shemeji akaketi juu ya sanduku la vifaa, mikono kichwani.

"Nimekuharibia."

"Hukujua."

"Nitukane basi!"

"Nitakutukana Jumamosi. Kabla ya Ijumaa nina kazi."

Aliibeba ndoo ile nzima akaimwaga kwenye pipa la chuma chakavu. Hata zilizokuwa nzuri. Hakuwa na njia ya kuzitambua tena.

Jumatano alfajiri alikuwa getini pa kiwanda kabla ya mlinzi kufungua, na mfuko wa kilo nne wa unga wa ndimu, ile asidi nyeupe kama sukari inayouzwa madukani. Fundi mitambo alimtolea chupa ya dawa ya kusafishia vyoo.

"Hii ndiyo kiboko, mzee. Ikigusa kutu, moshi."

"Hiyo inakula kutu, ikimaliza inakula na chuma. Inaacha vitobo kama vya sindano. Ya ndimu inakula kutu. Ikimaliza haina chakula, inatulia."

"Haya, mzee wa ndimu."

Kilo moja kwa maji lita kumi. Maji ya moto ya kiasi mkono unaingia lakini haukai. Taabu ilikuwa moja: ukuta umesimama, dawa inateremka. Inatakiwa kukaa pale pale saa mbili. Ilitakiwa nguo ya pamba, kubwa, isiyo na rangi, iliyofuliwa sana, inywe dawa na kushikamana na ukuta.

"Nina mashuka," alisema shemeji, akapotea, akarudi na furushi.

Mzee alilifungua. Mashuka sita meupe, yaliyofuliwa mpaka yakawa laini kama maziwa ya kuganda, pembe moja ya kila shuka imetiwa mshono wa uzi wa bluu. Aliujua uzi ule. Jioni nyingi aliisikiliza sindano ikiupitisha. Alishika ile pembe, akaishika muda.

"Uliyatoa kwenye sanduku lake."

"Ndiyo. Mengine yote duniani yana nailoni." Shemeji alisema akitazama pembeni. "Ukisema niyarudishe, narudisha."

Ndoo ilikuwa inatoa moshi. Fundi mitambo alisubiri na koleo mkononi, hajui kinachoendelea, akakohoa.

"Yaloweshe," mzee akasema.

Aliingia tena tanguni, glavu mikononi, akayabandika mashuka ukutani moja baada ya jingine, kutoka juu kwenda chini, akiyapapasa mapovu ya hewa yatoke, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Akatoka. Kila dakika kumi shemeji aliyamwagia mashuka dawa ya moto kwa kopo kutoka tunduni.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ila kungoja, na hiyo ndiyo kazi asiyoiweza. Alilizunguka tangi. Aligonga kwa kidole. Aliuliza saa, akaambiwa, akauliza tena kabla mshale haujasogea. Alipanda ngazi, akafunua pembe ya shuka, akachungulia, akashuka. Akapanda.

"Shemeji," mdogo wa mkewe akamwita mbele ya watu wote, "kuchamba kwingi..."

"Nyamaza."

"Mimi nimenyamaza. Malizia mwenyewe."

Wapakiaji waliangua kicheko, na meneja akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Saa mbili zilipotimia aliyabandua. Mashuka yalitoka yamekuwa rangi ya chai. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe, mistari yote ya msasa ipo, hakuna hata mmoja uliokatwa. Fundi mitambo aliingiza kichwa tunduni. Sauti yake ilitoka kama ya pangoni: "Aisee."

"Bado," mzee akasema. Aliosha kuta kwa maji yaliyochujwa, si ya kisima, mara tatu. "Sasa tunalilowesha, tunalifungua lipate hewa. Kama kuna unga wa chuma umebaki, kesho utajitokeza wenyewe. Na ngozi mpya inaota kwa hewa, haioti kwa mtu kuigusagusa." Akampa meneja tochi yake. "Nifungie mlango wa chumba hiki. Funguo usinipe hata nikilia."

Siku ile iliyobaki aliimaliza kwa miguu. Alipita mtaa wa mafundi viatu, akapita stendi, akapita hospitali, akageuka kama aliyeungua, akarudi kwa njia nyingine. Muuza magazeti alimwona mara nne akamuuliza kama amepoteza mtu.

Alhamisi walifungua. Kuta zilikuwa safi. Sakafu ya tangi safi. Mzee aliingia na tochi akateremka polepole mpaka kwenye mshono wa bomba la kutolea maziwa, na hapo akakaa. Vidoa vitatu. Vimezungukwa na utepe wa rangi ya bluu na kahawia, kama shingo ya njiwa.

Jumatatu alikuwa ameuona utepe ule. Alikuwa amejifanya hajauona.

"Shemeji?" shemeji aliita kutoka juu. "Mbona kimya?"

"Mshono huu ni wangu," alisema, na maneno yakamtoka kwa shida, moja moja, kama misumari iliyopinda. "Mwaka jana bomba lilivuja. Nikaja nikachomelea kwa nje. Ikabaki hii rangi ya moto kwa ndani. Ukiiacha, ngozi haioti vizuri pale, kutu inaingilia hapo. Lazima uisafishe. Nikapigiwa simu kutoka wodini kwamba dada yako amezidiwa. Nikaacha vifaa vyote nikakimbia, na tangu hapo ni kuuguza tu mpaka msiba, sikurudi kuumalizia."

"Nani angebaki?"

"Nilipofika alikuwa macho. Akaniuliza, mshono umeuosha? Nikamwambia nimeuosha."

Feni ilizunguka.

"Aliamini," mzee akasema. "Alilala."

Shemeji alimteremshia msasa mpya, laini, uliokuwa bado kwenye karatasi yake, kisha kitambaa na bakuli la dawa ya ndimu. Mzee alilala ubavu. Alisugua utepe ule wa rangi akifuata mistari, taratibu, sentimita kwa sentimita, kwa mkono uliozoea kushika moto na si msasa. Mgongo ulimuuma. Goti lilikufa ganzi. Safari hii hakutoka kuuliza saa. Rangi ya bluu ilififia, kisha ya kahawia, kisha vidoa viwili vikaondoka. Akabandika kitambaa cha ndimu, akangoja, akaosha, akaangaza. Mahali pa doa la tatu palibaki kitobo kimoja, ncha ya sindano. Hicho hakitoki kwa ndimu wala kwa toba. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshaliwa.

"Mzee, hicho nyamaza nacho," fundi mitambo alimnong'oneza alipotoka. "Kiko chini kule kwenye kona. Mkaguzi hatakiona. Usituharibie sasa."

Ijumaa mkaguzi alifika saa nne, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, taa ndogo kwenye paji la uso, na kitambaa cheupe. Alivaa ovaroli, akaingia tanguni bila kusaidiwa. Meneja alisimama akiwa ameshika ubao wa karatasi kifuani kwa mikono miwili. Nje, wafugaji wa kwanza walikuwa wamefika na makeni yao ya maziwa, wanauliza yanapokelewa au hayapokelewi.

Mkono ulitoka tunduni, na kitambaa. Kilikuwa cheupe.

Meneja alifumba macho. Fundi mitambo alimpiga mzee kikumbo kidogo cha furaha, na kwa jicho akamwambia: kimya.

"Mama mkaguzi," mzee akaita.

Fundi mitambo alijishika kichwa.

"Naam?"

"Chini hapo, kwenye bomba la kutolea. Mulika upande wa kushoto wa mshono. Kuna kitobo."

Ikapita dakika. Kisha nyingine. Mzee alikuwa amesimama pale pale, miguu yote miwili chini, hazunguki.

"Nimekiona," sauti ikatoka. "Kimefika wapi?"

"Hakijatoka nje. Nimekipima kwa maji. Nimekilainisha maziwa yasikae. Lakini kipo, na aliyekisababisha ni mimi. Sikuusafisha mshono wangu mwaka jana."

Mkaguzi alitoka, akavua taa, akakaa kwenye ukingo wa tundu miguu ikining'inia, akamtazama yule mzee asiye na viatu.

"Hizi kuta alisugua nani? Sijaona mkono kama huu."

"Mke wangu."

"Mpe hongera zake."

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Mzee aliitika kwa kichwa, kama anayepokea mzigo wa kupeleka mahali.

"Tangi linafanya kazi," mkaguzi alisema, akimgeukia meneja aandike. "Miezi sita. Dawa ya klorini ya kuoshea isilale humo hata siku moja, ndiyo inayoleta utando wa kutu. Baada ya miezi sita nakuja kukitazama hicho kitobo, na nataka fundi mwenyewe awepo anionyeshe kama kimekua." Akamgeukia mzee. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Milango ya mbele ilifunguliwa na makeni yakaanza kuingia kwa kelele. Maziwa ya kwanza yalipoteremka tanguni yalipiga chuma kitupu kwa kishindo, kisha kishindo kikawa mnong'ono, kisha hata mnong'ono ukaisha. Mzee alitafuta viatu vyake, akavaa kimoja, kingine hakukiona. Fundi mitambo alikiokota chini ya ngazi akampa kwa mikono miwili.

Getini shemeji alikuwa anamngoja na furushi la mashuka yenye rangi ya chai, yamekamuliwa, yanadondosha maji.

"Haya hayatakuwa meupe tena," alisema.

"Najua."

"Nikayatupe?"

"Tukayaanike," mzee akasema, na akaushika upande mmoja wa furushi.